Chungwa Lilivyoniumbua Mbele ya Wageni

Katika sherehe yetu ya kuukaribisha mwaka mpya nilikabidhiwa meza ya vinywaji, kazi ambayo mwenye busara angeifanya kimyakimya. Lakini mimi nilikuwa nimesoma mambo mawili matatu kuhusu machungwa, na nilikuwa nimejiapiza kwamba hakuna mgeni atakayeondoka na bilauri yake kabla ya kuyasikia.

Nilianza kwa kutangaza kwamba wataalamu wa mimea hulihesabu chungwa kuwa aina ya beri. Shangazi alinitazama kama mtu anayekumbushwa deni la zamani. Nikahamia kwa James Lind, daktari wa meli ya kivita ya Uingereza, ambaye mwaka 1747 aliwagawa mabaharia 12 wenye kiseyeye wawili wawili, wengine akawapa siki, wengine maji ya bahari (maskini wale!), na wawili wenye bahati akawapa machungwa mawili na limau moja kila siku.

Hapo, ili kuinogesha hadithi, nilichukua kipande cha ganda, nikakikunja kati ya kidole gumba na cha shahada juu ya bilauri ya sharubati, upande wa rangi ukiwa nje. Vile vijitundu vya ganda vikatema ukungu mwembamba wenye harufu kali, na wageni wakasema, "Aaa!" Kelele hiyo ndiyo iliyoniponza.

Jambo ambalo sikuwa nimelisoma ni kwamba mafuta hayo yana limonini, kemikali inayoyeyusha mpira, na meza yangu ilikuwa imezungukwa na maputo yaliyojazwa upepo hadi yakang'aa.

"Baada ya siku sita matunda yalikwisha," niliendelea, nikikunja ganda la pili kwa madaha, "lakini mmoja wao alikuwa tayari—"

Pa!

Niligeuka kwa mshtuko, ganda bado mkononi, nikaliminya kwa nguvu kuelekea upande wa pili. Pa! Pa! Kipande chekundu cha puto kilitua katikati ya bakuli la sharubati, kikaelea hapo kwa utulivu kama kipande cha tunda.

Ukumbi ulipotulia, mjomba aliniuliza kwa upole kama yule baharia aliponywa na machungwa au na mshtuko. Shangazi naye, kutoka chini ya meza, aliomba aletewe kinywaji chake hukohuko, bila ganda.