Paa la asbesto likishushwa Lamu, jirani adai nini?

Kenya ilipiga marufuku kuezeka kwa asbesto, madini ya nyuzinyuzi yaliyochanganywa na saruji kufanya mabamba ya paa, mwaka 2006, lakini marufuku haishushi paa lililokwisha kupandishwa. Palipobaki mabamba yale ya kijivu yenye mawimbi, iwe ni juu ya bohari, darasa au jiko la ghorofani, itafika siku mwenyewe atataka kuyaondoa. Siku hiyo jambo si lake peke yake. Katika Mji wa Kale wa Lamu nyumba na nyumba hutenganishwa na kichochoro cha kupita punda, pengine wikio, chumba kilichojengwa juu ya njia, limeziunganisha juu kwa juu, na nyumba nyingi zina kiwanda, yaani ua wa ndani, kilicho wazi kupokea hewa. Vumbi likiinuka kwa huyu litatua kwa yule, kwenye nguo zilizoanikwa na kwenye birika la kuwekea maji.

Mabishano ninayoyasikia yana pande mbili, na kila upande una haki kiasi.

Upande mmoja wasema asbesto haina mzaha. Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo zaidi ya 200,000 kila mwaka duniani vinavyotokana na asbesto makazini, na aina zake zote husababisha saratani. Nyuzi zake hazionekani kwa macho, hazinuki, na zikishaingia pafuni zaweza kukaa humo miaka mingi. Saratani ya utando wa mapafu hujitokeza miaka 20 hadi 40 baadaye, hata zaidi. Kwa hiyo, wasema hawa, asiguse mtu paa hilo ila mwenye leseni, na sheria ifuatwe neno kwa neno.

Upande wa pili hujibu kwamba bamba la asbesto na saruji si asbesto tupu. Sehemu kubwa ni saruji, na nyuzi zimeshikwa ndani yake. Likiwa zima halimdhuru anayelala chini yake. Uingereza, iliyopiga marufuku asbesto zote mwaka 1999, kwa kawaida haidai leseni kwa kushusha mabamba ya saruji, ingawa yadai fundi awe amefunzwa na asiyavunje. Majimbo kadhaa ya Australia humruhusu mwenye nyumba aondoe mwenyewe hadi mita 10 za mraba za asbesto iliyoshikwa namna hiyo. Kama wao wamelegeza kamba, mbona mvuvi wa Lamu abebeshwe gharama asizoziweza? Nao huongeza hoja ninayoiona nzito kuliko zote: sheria ikiwa ghali mno, paa hushushwa usiku kwa nyundo, na vipande hutupwa kwenye mikoko.

Tazama basi sheria yetu yasemaje. Kanuni za Udhibiti wa Taka za mwaka 2006 ziliiweka asbesto katika taka hatari. Mwenye kuisafirisha awe na leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, mzigo uwe na hati ya kuufuata mpaka unapozikwa, na pa kuzikia pawe pameidhinishwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 nayo inamfunga fundi: paa likishushwa kwa malipo, pale pamekuwa mahali pa kazi. Na kwa kuwa tumo ndani ya mji ulioandikwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2001, mwenye nyumba hawezi kubadili paa apendavyo bila idhini ya wanaosimamia urithi huo.

Lakini kinga kubwa ya jirani imo ndani ya Katiba, na watu wengi hawaijui. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinamruhusu aende mahakamani haki hiyo ikivunjwa au ikielekea kuvunjwa, na chasema wazi kwamba halazimiki kuonyesha kuwa kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Kwa asbesto, sharti hilo kuondolewa ndiyo haki yenyewe. Mtu akitakiwa alete ushahidi wa ugonjwa, atangoja miaka 30, na wakati huo fundi hayupo, paa halipo, na hakuna wa kuthibitisha vumbi lilitoka wapi. Kwa hiyo jirani aweza kuomba amri ya kusimamisha kazi leo, nyundo ikiwa bado mkononi. Aende Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kwa Kadhi hapana, maana mamlaka ya Kadhi yanaishia kwenye ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu kati ya Waislamu. Hata hivyo kanuni ambayo kila mwanachuoni wa hapa aijua, hakuna kudhuru wala kudhuriana, yaweza kumaliza jambo barazani kabla halijafika kortini.

Mimi naona kosa letu ni kuyachanganya majukumu yasiyo na gharama na yale yenye gharama kubwa. Kulowesha mabamba kwa maji yenye sabuni kidogo hakuhitaji pesa nyingi. Kufungua parafujo badala ya kupiga nyundo, kushusha bamba zima kwa mikono miwili badala ya kuliangusha, kutotumia msumeno wa umeme, kufuta kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia: yote haya yataka subira tu. Kumwarifu jirani siku kadhaa kabla, afunike birika, aanue nguo na kuwaondoa watoto, ni bure kabisa. Hapo sioni udhuru wa fukara wala wa tajiri. Kazi ifanywe alfajiri upepo ukiwa haujaamka, na si katikati ya kusi kali. Barakoa ya kitambaa haizuii nyuzi hizi. Fundi ahitaji ile ya kuchuja vumbi laini, na nguo alizofanyia kazi asende nazo nyumbani kukumbatia wanawe.

Usafirishaji ni habari nyingine. Utaratibu wa leseni na hati umefikiriwa kwa lori linalosimama mlangoni. Katika vichochoro vya Mkomani, mtaa wa Mji wa Kale, lori haliingii. Mzigo utabebwa na mikokoteni au punda mpaka gati, upakiwe chomboni, uvuke hadi Mokowe upande wa bara, ndipo uanze safari ya barabara. Kila hatua ni nafasi ya bamba kuvunjika. Kumwambia mwenye jiko moja agharimie msafara huo peke yake ni kumfundisha kutupa baharini. Hapa nawaunga mkono wa upande wa pili, na nadhani serikali ya kaunti ndiyo inayopaswa kuukusanya mzigo: itangaze siku maalumu, ilete chombo kimoja chenye leseni, watu wapeleke mabamba yaliyofungwa kwa nailoni nzito mara mbili na kuandikwa hatari iliyomo.

Tena si kila paa ni la kushushwa. Bamba zima, lisilopasuka wala kutobolewa, ni salama zaidi likiachwa mahali pake na kupakwa rangi ya kuziba. Ila jua, mvua na kuvu hula saruji ya juu, na hewa ya chumvi huozesha parafujo, kwa hiyo likaguliwe kila mwaka. Anayemshinikiza jirani alishushe haraka kwa hofu huenda ndiye anayeliita vumbi.

Paa likishaondoka, jirani bado ana la kudai: aonyeshwe hati ya safari ya mzigo. Mwenye nyumba asiyeweza kuitoa hajathibitisha kuwa vipande haviko nyuma ya banda la kuku, au chini ya kifusi cha njia wanayopita watoto kwenda chuo cha Kurani.