Saa za mashine zimeandikwa kwenye daftari la mafuta

Ukienda kutazama boti ya faiba iliyotumika, iwe Shangani, Mikindani au Msimbati huku Mtwara, siku hizi utamsikia mnunuzi akiuliza kabla hata hajaigusa: mashine ina saa ngapi, yaani imeshafanya kazi saa ngapi? Ni swali zuri. Ninachogombana nacho ni namna tunavyolipokea jibu lake.

Wanaozitetea saa wana hoja nzito. Mashine ya boti haina kilomita kama gari, kwa hiyo saa ndizo kipimo cha kazi iliyofanya. Watengenezaji wenyewe huhesabu hivyo: oili ya foo-stroki, mashine isiyochanganyiwa oili kwenye petroli, hubadilishwa kila saa 100 au kila mwaka, na baadhi ya mashine kubwa mkanda wa taimingi hutakiwa kubadilishwa zikifika saa 1,000 au miaka mitano. Foo-stroki nyingi za kisasa zina kompyuta ndani inayotunza saa. Fundi mwenye kifaa chake akiunganisha, kwa aina nyingi huona hata ni saa ngapi mashine ilikwenda taratibu na ngapi ilikanyagwa mpaka mwisho. Habari hiyo ni dhahabu. Mashine yenye saa 400 za mwendo wa wastani na yenye saa 400 za kufukuzana na mawimbi ya kusi si sawa hata kidogo, ingawa namba ni ile ile.

Mafundi wengi wa huku wanasema kinyume, kwamba saa si kitu, chumvi ndiyo kila kitu. Nami nimeona kwa macho. Ndugu yangu alinunua boti iliyokuwa ya matembezi, mashine ikiwa na saa 140 kwa miaka sita. Piga hesabu: hazifiki saa 24 kwa mwaka. Tulifurahi kama tumeokota. Wiki ya tatu, nje kidogo ya Msangamkuu, maji ya kupooza yakakatika, mashine ikachemka, ikazima. Ilipofunguliwa, njia za maji zilikuwa zimejaa chumvi iliyoganda, impela inayosukuma maji ya kupooza imekakamaa, na petroli ya zamani imegeuka gundi. Muuzaji hakudanganya. Saa 140 zilikuwa za kweli. Ila mashine ilikaa miaka ikinywa hewa ya bahari bila kusuuzwa kwa maji yasiyo na chumvi.

Halafu kuna mita zenyewe. Mita ndogo inayofungwa kwenye dashibodi mara nyingi huunganishwa na swichi, ikahesabu ufunguo ukiwa umewashwa tu, hata injini ikiwa kimya. Mashine ikibadilishwa, mita ya zamani hubaki na boti. Mita ikiharibika, inafungwa mpya inayoanza sifuri. Na tu-stroki, zile zinazochanganyiwa oili kwenye petroli, za farasi 40 za kuvuta kamba, ambazo wavuvi wetu wamezizoea, kwa kawaida hazina mita kabisa. Hapo saa unazotajiwa ni maneno ya mdomo.

Vipimo vya ugenini navyo vinatupotosha. Mtu wa Marekani anayetoka saa nne kila wikiendi, wikiendi 20 za msimu, anamaliza mwaka na saa 80. Kwake saa 1,000 ni umri wa uzee. Boti ya uvuvi inayotoka siku 20 kwa mwezi inazifikia ndani ya miaka michache tu, na inaweza kuwa na afya kuliko ile ya saa 140.

Kwa hiyo mimi nasimama wapi? Naamini saa, lakini nazitafuta kwingine: kwenye daftari la mgao. Boti nyingi za uvuvi mafuta hutolewa kwanza, kinachobaki ndicho kinachogawanywa kati ya tajiri, yaani mwenye boti, na mabaharia, kwa hiyo mafuta huandikwa. Chukua mfano wa boti inayotumia lita 25 kwa siku, siku 20 kwa mwezi, miezi kumi kwa mwaka kwa sababu kusi ikikaza haitoki. Hizo ni lita 5,000. Tu-stroki ya farasi 40 ikikanyagwa hasa hula lita 15 hadi 20 kwa saa. Kwa mwendo wa wastani tuchukue 12. Umepata saa zaidi ya 400 kwa mwaka. Ni makisio, lakini yana mguu wa kusimamia.

Uzuri wa daftari hili ni kwamba halikuandikwa kwa ajili yako mnunuzi. Tajiri akiwa na tamaa, huzidisha mafuta ili mgao wake unone; hana sababu ya kuyapunguza. Kosa likiwepo, litaelekea kuzionyesha saa kuwa nyingi kuliko zilivyo, na wewe hupotezi. Miezi mitupu nayo inazungumza: muulize nahodha boti ilikuwa wapi. Linganisha na leseni za uvuvi, ambazo hutolewa kila mwaka.

Na usipite bila kutazama oili. Tu-stroki nyingi huchanganywa 50 kwa 1, yaani lita 25 za petroli zinataka nusu lita. Hakikisha kwanza kitabu cha mashine hiyo kinasemaje. Kama kinataka 50 kwa 1 na daftari linaonyesha robo lita kila siku, basi pistoni na ringi zimekuwa zikifanya kazi kwa njaa. Mita gani itakwambia hilo?

Boti za watalii hazina daftari la mgao, na wavuvi wengine wamelipoteza. Hapo ndipo mafundi wanaposhinda: pima kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo, ya kila silinda, na tofauti ikipita asilimia 10 uwe na shaka, fungua oili ya giaboksi, ikiwa nyeupe kama maziwa maji yameingia. Na ukikuta mashine imeshapashwa moto kabla hujafika, rudi kesho asubuhi uiwashe mwenyewe ikiwa baridi.

Mjomba wangu wa Mikindani alipotafuta boti baada ya mkasa ule, aliwekewa mbili mbele yake: moja saa 300 kwa kauli ya muuzaji, nyingine makisio ya daftari yalifika 1,100, oili imeandikwa bila kuruka, silinda zote zinakaribiana. Alichukua ya 1,100. Ilikuwa na bei ya chini, na kwa pesa iliyobaki alinunua mashine ndogo ya farasi 15 ya akiba, ambayo hulazwa chini ya benchi kila wanapovuka mwamba.