Nimejificha Uholanzi, Naishi Ngarenaro

Nauliza tu, jamani. Mtu ukitafuta dawa ya gauti mara moja, saa nane za usiku, umejifunika blanketi, nani anatoka kwenda kuitangaza? Maana tangu Jumapili nikifungua simu niangalie bei ya vitunguu, tangazo la dawa ya gauti na picha ya kidole gumba cha mguu. Nikitaka matokeo ya mpira, kidole gumba, kimevimba, chekundu. Leo asubuhi nimebanwa kwenye kifodi cha Sakina, hapahapa Arusha, binti niliyekaa naye kachungulia kioo changu, akaniambia kwa adabu zote, "Shikamoo baba. Pole. Punguza nyama."

Mimi mtu na heshima zangu. Nikasema leo natafuta VPN.

Kijana mmoja kazini alishanieleza: ni kama handaki. Data zako zinasafiri zimefichwa kwa msimbo mpaka kwenye seva ya watu huko nje, ndipo ziingie mtandaoni. Kampuni ya laini inaona umezama handakini, haioni unakoibukia. Tovuti nazo zinaona anwani ya seva, yako hawaijui. Nikaona hiyo ndiyo saizi yangu.

Nikaenda kwa fundi simu karibu na stendi. Kibanda upana wa mlango mmoja, foleni watu sita, spika inapiga mpaka kaunta inatetemeka.

"VPN ya nini, mzee?"

"Ya faragha."

"Ya nini?"

"Faragha!"

"Ahaa! Mzee ana mambo yake ya siri!" Foleni nzima ikageuka kunitazama usoni.

Simu ikadai paswedi ya akaunti. Nikaomba nijaze mwenyewe. Akasema tachi imekufa upande wa kulia, inataka mkono wa fundi, nitaje tu. Nikainama dirishani, nikanong'ona. Hakusikia. Nikanong'ona tena.

"Si-li-pi," anaandika huku anasoma. "Silipi nini?"

"Silipivikoba."

"VIKOBA! Herufi kubwa au ndogo?"

"Ndogo mwanangu, ndogo. Na sauti iwe hivyohivyo."

"Silipivikoba, halafu?"

"2022."

Niliiweka wiki ile waliyonitoza faini ya elfu 10 kwa kukosa kikao, nami nilikuwa msibani. Hasira tu! Sasa aliyesimama nyuma yangu, ameshika simu isiyopokea chaji, ni nani? Mweka hazina wetu. Hakusema neno. Alifungua mkoba, akatoa daftari.

Basi, ikaingia. Ya bure hiyo, kwa hiyo kabla hujajificha unatazama kwanza tangazo la sekunde 30. Kisha juu ya kioo kikatokea kialama cha ufunguo, nami nikawa Uholanzi. Fundi akachukua buku tatu zake. Programu ya benki ikaniona mgeni, ikanifungia nje ya hela zangu mwenyewe. Bando nalo likaishia njiani.

Na kidole? Kipo palepale, ila sasa maelezo yake ni ya Kiholanzi.

Nikampigia yule kijana. "Mzee, si umeingia na akaunti yako ileile? VPN inaficha ulipo. Haifichi wewe ni nani." Haya, na huyu mwenye handaki la bure anakula nini? "Yeye anaweza kuona unakokwenda. Wengine ndizo wanazouza hizo habari." Kwa hiyo nimemkwepa mwenye laini, nikajikabidhi kwa mtu nisiyejua hata anaishi wapi! Halafu ananikumbusha kwamba Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iliwataka wanaotumia VPN kwa shughuli zao wajisajili kabla ya tarehe 30. Yaani unajificha, halafu unakwenda kuandikisha ulipojificha. Nikakata simu, salio lenyewe la kukopa.

Jioni nimepita gengeni. Mama wa genge hana simu ya tachi, ana kitochi. Akaniuliza kidole kinaendeleaje, na kama ni kweli nakimbilia Ulaya kwa deni la kikoba. Nikanyamaza, nikaomba nyanya za buku. Fungu lilikuwa tano, leo nne. Nikaligeuza: ya chini imeoza, imefichwa ubovu kwa ndani. Namuuliza, ananiambia mvua. Mvua gani, mama? Hili vumbi lote miguuni kwangu nimelitoa Uholanzi?