Usiniambie Alikufaje, Niambie Alikimbiaje

Wiki jana mpwa wangu wa Gredi ya Nane alikuja na daftari. Mwalimu amewaambia waandike ukurasa mmoja kuhusu mwanamichezo aliyefariki ambaye wangependa akumbukwe. Yeye alikuwa amemchagua Rebecca Cheptegei. Nilifurahi mno, kwa sababu nilidhani atamchagua mcheza mpira wa Ulaya kama wenzake. Nikamuuliza, unajua nini kumhusu?

"Ni yule aliyechomwa, Shangazi."

Nikangoja aendelee. Hakuwa na la kuendelea nalo.

Sikumlaumu mtoto na sitamlaumu. Amejifunza kutoka kwetu. Mnamo Septemba 2024 tulitumiana picha ya Rebecca usiku kucha, kila mmoja na maelezo yake ya petroli, ya kiwanja kilichogombaniwa, ya asilimia ya mwili iliyoungua. Hayo tuliyajua hadi vijisehemu. Sasa niulize mimi na wewe: alikuwa anakimbia mbio gani? Alishinda nini? Wapi? Ukweli ni kwamba hata mimi, siku ile mtoto amesimama mbele yangu, ilibidi nifikirie kwanza ndipo nijibu, na aibu hiyo ndiyo imeniandikisha makala haya.

Basi na isemwe. Novemba 2022, Chiang Mai, Thailand, Rebecca Cheptegei wa Uganda alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za milimani, zile za kupanda na kushuka. Mtu asiyezijua mbio hizi hudhani ni nyepesi kwa kuwa hazina uwanja wenye taa na makamera. Kupanda kunataka mapafu. Kushuka kunataka ujasiri, kwa sababu mguu unatua juu ya jiwe usiloliona vizuri ilhali mwili mzima umeshautangulia. Aliyeshinda huko amewashinda wanawake wanaoishi milimani. Mwaka uliofuata akawa wa 14 katika marathoni ya mashindano ya dunia kule Budapest. Tarehe 11 Agosti 2024 akakimbia marathoni ya Olimpiki mjini Paris, njia yenye milima kuliko marathoni nyingi za Olimpiki, akamaliza wa 44. Nimeona watu wakiitaja hiyo nafasi ya 44 kwa sauti ya chini, kana kwamba wanamsitiri. Wanamsitiri nini? Ni Olimpiki! Kuna wanariadha Iten, mji wa wakimbiaji Kenya, wenye kasi ya kutisha ambao wataizeeka hamu hiyo bila kuifikia.

Siku 25 baadaye alikuwa amefariki, mwenye miaka 33. Hilo tayari mnalijua.

Ugonjwa huu wetu haukuanza na Rebecca. Agnes Tirop wa Kenya alikuwa na miaka 19 alipotwaa taji la dunia la mbio za nyika kule Guiyang, China, mwaka wa 2015. Miaka kumi na tisa! Akaongeza nishani mbili za shaba za mita 10,000 katika mashindano ya dunia, London 2017 na Doha 2019. Tarehe 12 Septemba 2021, katika mji mdogo wa Herzogenaurach, Ujerumani, akaweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 kwa mbio za wanawake pekee, dakika 30 na sekunde 1. Mwezi mmoja na siku moja baadaye akauawa nyumbani Iten. Leo ukimtaja Tirop, mtu anakujibu kwa habari ya kisu kilichomuua. Samuel Wanjiru naye, Mkenya wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki, aliyelichoma jua la Beijing mwaka wa 2008 kwa saa 2:06:32 wakati wataalamu walitarajia watu watembee, ukimtaja unajibiwa kwa roshani aliyoanguka.

Sasa nimfikie Kelvin Kiptum, ambaye moyo wangu bado haujamkubali marehemu.

Alikimbia marathoni tatu tu maishani mwake. Valencia, Desemba 2022, ikiwa ndiyo mara yake ya kwanza, 2:01:53. London, Aprili 2023, 2:01:25. Chicago, tarehe 8 Oktoba 2023, 2:00:35, sekunde 34 chini ya rekodi ya Eliud Kipchoge, na hapo akawa binadamu wa kwanza kumaliza marathoni rasmi chini ya saa 2 na dakika 1. Zote tatu alishinda. Zote tatu, nusu ya pili aliikimbia kwa kasi kuliko ya kwanza, jambo ambalo mwili wa kawaida unalikataa. Nendeni mkaitazame tena ile ya Chicago. Kati ya kilomita ya 30 na ya 35, mahali ambapo watimkaji wakubwa huanza kuomba Mungu tu wafike, yeye alitumia dakika 13 na sekunde 51. Hiyo ni kilomita moja kwa dakika 2 na sekunde 46 hivi, mara tano mfululizo, akiwa na kilomita 30 miguuni. Mimi niliitazama nimesimama, na nilipojishika nikakuta nalia, wala sikujua ni kwa nini. Tulikuwa tukimwona mtu akifungua mlango ambao sisi wote tulidhani ni ukuta.

Usiku wa tarehe 11 Februari 2024 gari lake likatoka barabarani. Miaka 24. Wiki hiyo nzima tulizungumza gari. Aina ya gari, mti, mtaro, kasi, nani alikuwa amekaa wapi. Na watu waliokuwa hawajawahi kuitazama hata kilomita moja ya Kiptum wakawa mabingwa wa kueleza ajali.

Na ndani ya gari lile alikuwamo mwingine ambaye tulimfanya neno la nyongeza: "na kocha wake". Jina lake ni Gervais Hakizimana, Mnyarwanda, aliyekuwa mkimbiaji kabla ya kuwa mwalimu. Yeye mwenyewe alisimulia jinsi alivyomjua Kiptum akiwa bado kitoto, anachunga mifugo bila viatu, anamfuata nyumanyuma mazoezini na yeye anamfukuza. Kitoto kile kilikataa kufukuzika. Ukitaka kujua 2:00:35 ilitoka wapi, ilitoka hapo, kwa mtoto mchungaji na mgeni aliyechagua kuufanya udongo wetu kuwa wake. Nasikia uchungu kwamba katika mazishi ya taifa zima mtu huyu alipata nusu sentensi.

Halafu ikawa hivi. Siku nne baada ya Kiptum, tarehe 15 Februari, akafariki Henry Rono.

Natua hapa kidogo kwa sababu najua baadhi yenu mnauliza Rono yupi, na hapo ndipo hasira yangu ilipo hasa.

Mwaka wa 1978, tarehe 8 Aprili, Henry Rono wa Nandi, mwanafunzi wa chuo kikuu Marekani, alivunja rekodi ya dunia ya mita 5,000. Tarehe 13 Mei akavunja ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Tarehe 11 Juni akavunja ya mita 10,000. Tarehe 27 Juni, Oslo, akavunja ya mita 3,000. Rekodi nne za dunia katika siku 81, mtu mmoja, miguu miwili ile ile. Mbili kati ya hizo, ya viunzi na maji na ya mita 3,000, zilikaa miaka 11 bila kuguswa. Mwaka huo huo akaenda Algiers kwenye michezo ya Afrika akashinda mbio mbili, akaenda Edmonton kwenye Jumuiya ya Madola akashinda nyingine mbili. Mnijibu, ni mwanariadha gani, wa taifa lolote, aliyewahi kuwa na msimu kama huo?

Nishani ya Olimpiki hakupata hata moja, na si kwa sababu alishindwa. Mwaka wa 1976 Kenya ilijiondoa Montreal pamoja na mataifa mengi ya Afrika kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi. Mwaka wa 1980 tukasusia Moscow. Uamuzi wa kwanza nauelewa na ningeuunga mkono hata leo. Lakini gharama yake ililipwa na miguu ya watu fulani, na mmoja wao ni Rono, na deni hilo hatukumlipa hata kwa kumtaja.

Alifariki siku tatu baada ya kutimiza miaka 72. Tanzia chache nilizosoma zilipita mbio kwenye zile siku 81, kisha zikakaa kitako kwenye pombe, na kwenye miaka aliyobeba mizigo ya wasafiri uwanja wa ndege Marekani. Ndiyo, alikunywa, na aliyasema mwenyewe waziwazi bila kumsingizia mtu. Alipambana akashinda, akawa anafundisha vijana kukimbia, mwaka wa 2019 akarudi nyumbani. Huo nao ni ushindi, na ni wake. Lakini kumweka mtu wa rekodi nne kwenye kapu moja la "alianguka" ni kumzika mara mbili.

Kiptum alistahili kila chozi, sisemi chozi lake lipunguzwe. Ila wiki ile tulikuwa na macho ya kulia na tukashindwa kugeuza shingo.

Najua nitaambiwa: ukinyamazia jinsi Tirop na Cheptegei walivyokufa, unawalinda wauaji. Nimelifikiria sana hili, na nakubali, japo kwa shingo upande kwa namna tunavyolitenda. Ni lazima isemwe kwamba wanawake hawa waliuawa, na kwamba nyuma ya vifo hivi kuna mashamba, nyumba na pesa za mbio ambazo mwanamume fulani aliona ni zake. Wanariadha wenzake Agnes walilisema kwa vitendo, wakaanzisha Tirop's Angels kuwasaidia wanawake walio hatarini. Hao wana haki ya kukitaja kifo chake kila siku, kwa sababu wanakitaja ili kingine kisitokee. Sisi tuliosambaza picha na maelezo ya mwanamke aliyechomwa hatukuwa na kazi hiyo. Na hata hao Tirop's Angels, nembo yao ni jina la bingwa. Ukishasahau kwamba alikuwa bingwa, umemwachia muuaji neno la mwisho.

Kuhusu wale wanaotangaza msiba kabla familia haijaambiwa, nitasema moja tu: acheni. Mama asijue kifo cha mwanawe kupitia simu ya jirani.

Tazameni wenzetu wa mpira. Diogo Jota alifariki kwa ajali ya gari Uhispania tarehe 3 Julai 2025, yeye na ndugu yake André. Liverpool wakaiondoa jezi namba 20, na mashabiki wakachukua desturi ya kuimba wimbo wake ikifika dakika ya 20. Wimbo ule ulitungwa akiwa hai, unamsifia uchezaji. Hauna gari ndani yake. Kwa hiyo mtoto wa miaka sita aliye uwanjani anauliza huyu ni nani, na jibu analopata ni magoli.

Si wanariadha peke yao. Mtangazaji wa redio Leonard Mambo Mbotela alipotuacha tarehe 7 Februari 2025, akiwa na miaka 84, vichwa vingi vya habari vilikuwa vya Agosti mosi 1982, wanajeshi walipomtoa nyumbani wakampeleka Sauti ya Kenya kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Asubuhi moja, tena ya kulazimishwa, ikameza kazi ya miongo mingi. Mbotela wangu mimi ni wa kipindi cha "Je, Huu ni Ungwana?", yule aliyetufanya tukae wima mezani na kuangalia tulivyotafuna. Na ni wa mpira. Wengi tulijua ukubwa wa uwanja wa Nyayo kwa sauti yake kabla hatujaukanyaga. Alikuwa anaupandisha mpira kutoka kwa beki hadi winga, na sauti inapanda nao, hata ukajua krosi inakuja kabla hajaitaja. Kiswahili cha mpira tunachokitumia leo bila kufikiri, sehemu yake kilipikwa mdomoni mwake.

Baba yangu aliwahi kurekodi mechi moja ya Gor na Leopards kutoka redioni, akiwa ameishika redio kaseti karibu na dirisha ili mawimbi yasikatike. Tuliisikiliza kanda ile mpaka tukaikariri. Kisha mtu nyumbani akairekodia kwaya juu yake. Tangu Februari ile nimekuwa nikiitafuta mechi yoyote, sauti yoyote ya Mbotela uwanjani, nikakuta vipande vifupi tu, na kipande baada ya kipande ni mahojiano kuhusu mapinduzi.

Kwa hiyo naomba. Kama kwenu kuna kanda za zamani kwenye sanduku, za mpira, za redio, usizitupe kabla hujazisikiliza mpaka mwisho, pande zote mbili. Ukisikia sauti ile, niandikie. Mpwa wangu amemaliza ukurasa wake wa Rebecca, umeanzia Chiang Mai, na sasa ananiuliza Mbotela alikuwa anasikikaje. Nimejaribu kumwigizia nikashindwa.