Choya "imethibitishwa maabara": imethibitishwa nini hasa?

Ukipita soko la Majengo au Sabasaba hapa Dodoma, au ukienda Nzuguni wakati wa Nanenane, choya, yaani rozela, huikosi. Kuna iliyokaushwa kwenye mifuko, kuna juisi, poda, jemu mpaka mvinyo, na siku hizi muuzaji haishii kukwambia ni tamu, anakwambia ina antioksidanti nyingi (kemikali zinazotuliza molekuli haribifu), imepimwa maabara, kwa hiyo inashusha presha, inaongeza damu na inazuia kansa. Hapo ndo mjadala unapoanzia. Wapo wanaoona kipimo cha maabara kimemaliza ubishi wote, na wapo wanaosema vile vipimo ni vya wanafunzi kupatia digrii, mgonjwa havimsaidii kitu. Mi naona wote wameshika kipande tu.

Tuanze na kipimo chenyewe maana wengi wanakitaja bila kujua kinafanya nini. Kinachotumika sana kinaitwa DPPH. Ni kemikali ya kutengenezwa, ukiiyeyusha kwenye methanoli inakuwa zambarau iliyokolea, na ina radikali huru, yaani molekuli yenye elektroni moja isiyo na mwenzake kwa hiyo inatafuta pa kuchukua. Unaweka dondoo la mmea, unaacha gizani kama nusu saa, kama mmea una kemikali za kutoa elektroni au haidrojeni basi zambarau inafifia kuelekea njano, unasoma kwenye mashine ya mwanga kwenye nanomita 517, yaani aina ya mwanga unaomezwa na DPPH, alafu unalinganisha na vitamini C. Ni rahisi, ni haraka, hakihitaji panya wala mgonjwa, na kwa chuo chenye bajeti ndogo hilo ni jambo kubwa, sio la kubezwa.

Ila kwa choya kuna mtego wake. Ule wekundu unatokana na anthosianini, rangi za asili za mmea ambazo nazo ni antioksidanti, na kwenye maji yenye uchachu kama ya choya anthosianini zinameza mwanga karibu na nanomita 520, palepale panaposomwa DPPH! (Ukitaka kuona rangi hiyo ilivyo nyepesi kubadilika, tia magadi kidogo kwenye glasi ya choya, wekundu unaondoka unakuja ubluu au ukijani.) Kwa hiyo mwanafunzi asipopima pembeni choya peke yake bila DPPH akaitoa kwenye hesabu, mashine itasoma rangi ya choya kama vile ni DPPH iliyobaki, na choya itaonekana dhaifu kuliko ilivyo. Alafu DPPH haiyeyuki vizuri kwenye maji, ndo maana wengi wanatoa dondoo kwa methanoli, wakati nyumbani hakuna anayekunywa methanoli, tunachemsha na maji, tunaacha ipoe, tunaweka sukari na tangawizi. Vitu viwili tofauti kabisa hivyo.

Sasa wanaopinga wana hoja nzito. Mwili sio chupa ya maabara. Anthosianini unazokunywa, zinazotoka kwenye mkojo zikiwa kama zilivyo hazifiki hata asilimia moja, zilizobaki nyingi zinavunjwa tumboni na kwenye utumbo. Na historia ya antioksidanti inatisha kidogo: Finland waliwapa wanaume wavutaji sigara beta-karotini, antioksidanti ya kwenye karoti, wakitegemea kupunguza kansa ya mapafu, utafiti wenye watu 29,133, majibu yakatoka 1994, waliokunywa beta-karotini wakapata kansa hiyo zaidi kwa asilimia 18. Nayo Wizara ya Kilimo ya Marekani mwaka 2012 iliondoa mtandaoni jedwali lake la nguvu za antioksidanti za vyakula, sababu makampuni yalikuwa yanalitumia kuuzia bidhaa na namba zile hazionyeshi faida mwilini.

Kinachonigusa zaidi ni artemisinini, dawa ya malaria iliyotoka kwenye mmea wa tiba za jadi za China, iliyompa mtafiti wa China Tu Youyou Nobel mwaka 2015. Ile inaua vimelea kwa kukutana na madini ya chuma na kuzalisha radikali huru, yaani inafanya kinyume cha antioksidanti! Sasa fikiria tungekuwa tunachuja mitishamba ya wazee wetu kwa DPPH peke yake, dawa kama hiyo ingepita mbele yetu hatuioni.

Lakini kusema choya haina lolote nako ni kuonea. Marekani mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa watu wazima 65 wenye presha ya kuanzia, waliokunywa chai ya choya vikombe vitatu kwa siku kwa wiki sita, presha ya juu ikashuka kama pointi 7, wakati waliokunywa kinywaji cha kulinganishia ilishuka kama pointi 1 tu. Sio haba. Ila angalia, kilichopimwa pale ni presha ya mtu, wala sio rangi ya zambarau, na inadhaniwa choya inafanya kazi kwa kulegeza mishipa na kuongeza mkojo. Anayekunywa vidonge vya presha akaviacha kwa sababu ya lebo ya choya anajiweka hatarini, na anayechanganya vyote amwambie daktari wake.

Hilo la kuongeza damu ndo linaniumiza zaidi, maana wanaoambiwa ni wajawazito. Polifenoli, kundi la kemikali za mimea lenye anthosianini ndani yake, zilezile zinazofanya choya ifaulu DPPH, zinaweza kushika madini ya chuma ya mboga tumboni yasinyonywe, kama majani ya chai yanavyofanya. Choya ina uchachu na vitamini C inayosaidia upande wa pili, lakini wekundu wake sio damu. Mama mwenye damu pungufu apimwe na anywe vidonge vya kliniki.

Kwa hiyo vipimo viendelee? Viendelee, tena sana, ila viulizwe swali lake. Anthosianini zinaharibika kwa joto, mwanga na kukaa muda mrefu, na huku kwetu choya inaanikwa kwenye turubai juani, alafu inakaa kwenye mfuko unaoonyesha ndani mpaka ule umaruni unakuwa kahawia. DPPH ikisomwa vizuri inaweza kumwambia mkulima kivulini au juani wapi panatunza zaidi, na mzigo wa miezi sita umebakiwa na nini. Ipimwe choya ya mifuko ya soko, kwa maji ya moto, kama tunavyokunywa. Anayetaka kuandika inatibu, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 ipo na Baraza lake lipo, apeleke bidhaa ikasajiliwe kama dawa.