Hapa ndipo kaseti ilikuwa inakatika

Binti wa yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, anaolewa mwezi ujao, na amekwisha kuchagua wimbo wa kuingilia ukumbini: "Pour que tu m'aimes encore" wa Céline Dion. Nikamuuliza, mwanangu, umewahi kusikiliza maneno? Yule mwanamke hana harusi. Mwanamume anamponyoka, na yeye anaahidi kila kitu ili apendwe tena: atajifunza lugha, atajigeuza awe kama wale wengine wanaompendeza bwana, hata maneno ya uganga ya marabu wa Afrika atayatamka bila kujuta. Kwa Kiswahili chetu cha Bukavu, mashariki mwa Kongo, huyo ameenda kwa bafumu, waganga. Wewe unataka kuingia na hiyo mbele ya wakwe?

"Tonto," akanijibu, maana mimi ni mjomba wake, "nani anasikilizaka maneno kwenye ndoa?"

Basi kwa ubishi tu, na kwa hamu pia, sitaficha, nikarudi kwenye albamu yenyewe, D'eux ya mwaka 1995. Nimeisikiliza mara tatu wiki hii, usiku, saa zile ambazo umeme ulikubali.

Mwaka ule tulikuwa sekondari, nyumba yetu iko kwenye mteremko wa Kadutu, na mji umejaa wakimbizi waliovuka kutoka Rwanda katikati ya 1994. Redio kaseti ilikuwa moja, ya yaya. "Musigusake iyo kaseti!" Kaseti yenyewe haikuwa ya dukani. Ilinakiliwa na mtu, jina limeandikwa kwa kalamu, Céline kwa "s". Huyo aliyenakili alianza na nyimbo mbili za zuki alizozipenda yeye, ndiyo maana mwishoni utepe haukutosha. Betri zikichoka, Céline alianza kuimba kwa sauti ya mwanamume mlevi, na hapo ndipo mimi na wadogo zangu tulipompenda zaidi. Sisi tulikuwa watu wa Wenge Musica, bendi ya Kinshasa. Muziki wa yaya tuliuita muziki wa kulialia.

Nilikosea, ila si kwa namna niliyoitegemea. Nilidhani ningekuta sauti kubwa, zile za kuvunja glasi, kama tulizokuja kuzizoea baada ya ule wimbo wa meli, wa filamu ya Titanic, mwaka 1997. Kumbe utamu wa D'eux uko mahali ambapo hapigi kelele. Karibu nyimbo zote ziliandikwa na Jean-Jacques Goldman, Mfaransa ambaye naye ni mwimbaji, na kazi kubwa aliyomfanyia huyu mtoto wa mwisho kati ya 14 kutoka Charlemagne, Quebec, ilikuwa kumpunguza. Neno lililotumika ni "déchanter", kama kusema "kuacha kuimba": mtu mwenye sauti ya kujaza uwanja anaambiwa aiache mlangoni, aseme tu. Sikiliza beti za mwanzo za wimbo huo wa bibi harusi wetu. Anaimba kama mtu anayeongea na mwenziwe jikoni watoto wakiwa wamelala. Kiitikio kikipanda, kinapanda kutoka chini, na ndiyo maana kinakupata.

Halafu nenda kwenye harusi yoyote hapa, Nguba au Panzi, umsikilize kijana aliyekodiwa kuuimba. Anaanzia juu! Mstari wa kwanza tu, mishipa ya shingo imetoka. Akifika kwenye kiitikio hana tena pa kupanda, anabaki kuzunguka na kipaza sauti huku watu wakimtunza noti. Tumeimba wimbo huu karibu miaka 30 na bado hatujausikia.

Kuna kitu kingine. Maneno yote haya ya mwanamke anayejishusha yametungwa na mwanamume. Sisi wa rumba hatuna la kushangaa, wanaume wa Kinshasa wameimba kwa nafsi ya mwanamke tangu zamani, na mara nyingi mwanamke huyo ndiye anayebembeleza. Lakini sasa nina binti wa miaka 15 nyumbani, na ile orodha ya ahadi hainipiti tena kirahisi.

Si yote yamezeeka vizuri. "Regarde-moi" ningeiacha, na "Les derniers seront les premiers", pamoja na makelele yake ya furaha, inanichosha kabla haijafika nusu. Jina la albamu, hata hivyo, bado linanifurahisha: ukilisoma ni "kuwahusu wao", ukilisikia kwa sikio ni "wawili". Iliuzwa nakala kama milioni 10, hakuna albamu ya Kifaransa iliyoifikia, na Waingereza, ambao Kifaransa hawakitaki, waliupandisha ule wimbo hadi nafasi ya 7. Kaseti ya yaya haimo kwenye hesabu hiyo, wala zile zilizozaliwa kutokana nayo.

Oktoba 1996 vita vilipoingia mjini, tulikimbia. Tuliporudi, redio haikuwepo na kaseti haikuwepo.

Wimbo wa 12, wa mwisho, ni "Vole". Ni wa mpwa wake Karine, aliyefariki mwaka 1993 akiwa na miaka 16, kwa ugonjwa wa kurithi unaojaza ute mzito mapafuni. Piano, sauti, na mtu mzima anamruhusu mtoto aruke, aende, ayaache maumivu. Kwetu utepe uliishia katikati ya wimbo huo. Miaka yote niliamini ndivyo ulivyotungwa, ukatike ghafla hivyo, na niliona ni ufundi mkubwa.

Jumapili yaya alikuja kwa mambo ya mahari na vitenge vya kamati. Nikamwekea "Vole" kwenye simu, bila kumwambia kitu. Alikuwa anachambua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, akaacha. Wimbo ulipofika mahali fulani akainua kidole chenye magamba.

"Apa ndiyo ilikuwaka inakatika," akasema.

Tukangoja. Wimbo ukaendelea.