Andikeni majina yote, na ya watoto

Juzi namsindikiza shangazi bandarini, mbele yetu kuna mama kabeba mtoto mgongoni na mwengine kamshika mkono, karani kamuuliza jina lake yeye tu, kaandika, kakata tiketi, basi. Nikamuuliza karani, kaka, na hawa watoto je? Akanambia hao wadogo, hawalipi. Damu ilinichemka. Sisi wa Pemba hatuwezi kulisikia neno hilo tukanyamaza.

Meli ya Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 karibu na Nungwi, kaskazini ya Unguja, watu wanarudi kwao Pemba baada ya Idi. Mwanzo tukaambiwa ilibeba watu mia sita na kitu. Januari 2012 ripoti ikatoka: maiti 203, waliookolewa 941, waliopotea 1,370. Miezi minne nzima ndo tunajua meli ilichukua watu zaidi ya elfu mbili! Kujaza kupita kiasi kila mtu kashakupigia kelele, na ni haki, lakini hili la majina linaniuma zaidi maana linawatesa waliobaki.

Bila jina, familia inaanza kwa kutafuta kama mtu wao alipanda kweli. Mtoto wa shangazi alipiga simu jioni ile akasema yuko gatini anatafuta tiketi, kama kaipata hakusema, na baada ya hapo simu haipatikani. Pale viwanja vya Maisara, mjini Unguja, kwenye kutambua maiti shangazi alikuwa anaomba afunuliwe miguu tu, kwa sababu mwanawe alikuwa na kovu la panga kwenye dole gumba la kushoto. Hakumuona. Akaja mtu akasema kamuona Nungwi kafunikwa blanketi, akaja mwengine akasema hakupanda, alirudi Darajani, kule mjini, na shangazi kaishikilia hiyo ya Darajani mpaka leo. Orodha ingemjibu siku ile ile.

Na mkewe je, eda aihesabu kutoka siku gani? Mirathi? Ukienda kwa kadhi utaulizwa shahidi wa kwamba alikuwamo melini, na shahidi utamtoa wapi ikiwa walokuwa naye wamezama naye.

Haya, nakubali, boti kubwa siku hizi zinataka jina na kitambulisho, hilo limebadilika. Lakini kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka Ukara, Ziwa Victoria, Septemba 2018 wakafa watu zaidi ya 200, siku za mwanzo hakuna aliyeweza kusema walipanda wangapi, mkata tiketi mwenyewe alikufa na mashine ikapotea majini. Kwa hiyo kuandika peke yake hakutoshi, nakala ibaki nchi kavu kabla kamba haijafunguliwa, na iwe na kila roho, hata kichanga cha siku saba.

Wewe unayesafiri na watoto wiki hii, simama hapo dirishani mpaka waandikwe wote. Foleni nyuma yako ikinuna, inune.